Kabla ya kuuliza mtoto ana miaka mingapi

Tangu Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipothibitisha kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, Sheria ya Ndoa ya 1971 haijatoka midomoni mwa watu. Bungeni, redioni, kwenye semina za asasi za kiraia, kote inasemwa sheria hii imezeeka na lazima irekebishwe. Lakini tega sikio usikie kinachosemwa hasa. Ni umri wa kuolewa, kisha mgawanyo wa mali, kisha umri wa kuolewa tena. Watoto wa ndoa iliyovunjika wakitajwa, hutajwa kwa sentensi moja ambayo kila mtu anaijua, kuanzia saluni hadi kijiwe cha bodaboda: mtoto akifika miaka saba ni wa baba. Nimeisikia kwa wazee wa ukoo, kwa viongozi wa dini, na kwa wanawake wenyewe waliokuwa wakihesabu kwa vidole miaka iliyobaki. Sentensi hiyo haimo katika sheria yoyote iliyotungwa na Bunge la Tanzania. Wanaoiamini kuliko wote ni wale iliowafunga. Mke anayepigwa anabaki kwa sababu ameambiwa kwamba akiondoka leo na mtoto wa miaka mitano, baada ya miaka miwili atamrudisha kwa mikono yake mwenyewe kwa mtu aliyemkimbia.

Nadhani tumelikosea suala zima tangu kwenye swali. Tumeligeuza kuwa mashindano ya mama na baba yanayoamuliwa kwa kuangalia cheti cha kuzaliwa, tukaacha nje jambo ambalo kwenye familia nyingi ndilo lililoivunja ndoa yenyewe. Palipokuwa na kipigo, matusi ya kudhalilisha, vitisho vya kuua, au kunyimwa hela ya chakula kama adhabu, mahakama inapaswa kuanza na usalama: nani alikuwa anamwogopa nani ndani ya nyumba ile, na watoto walikuwa wapi kipigo kilipokuwa kinatembea. Umri, kipato, mila na matakwa ya wazazi yafuate baada ya hapo. Na jambo hili lisiachiwe busara ya hakimu mmoja mmoja. Liandikwe kwenye sheria kwa maneno ambayo hata mtu asiye na wakili akisomewa anayaelewa. Marekebisho yatakayopandisha umri wa kuolewa na kugawa mali kwa haki, lakini yakakiacha kifungu cha watoto kama kilivyo, yatakuwa yamefanya nusu ya kazi.

Kifungu chenyewe ni cha 125, na kinastahili kusomwa polepole. Kinasema ustawi wa mtoto ndio jambo kubwa kuliko yote. Chini ya hapo mahakama izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii wanakotoka wazazi. Kisha ndipo inapokuja ile saba: ipo dhana, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba ni kwa faida ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake, ila mahakama iangalie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi. Hakuna mahali panaposema kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba. Kinachoisha siku hiyo ni ile dhana tu; baada ya hapo mama na baba wanasimama sawa mbele ya ustawi wa mtoto. Na hata kabla ya saba dhana ile haimkingi kila mama. Anayemchoma mtoto kwa kijiko cha moto hawezi kujificha nyuma yake.

Sasa hiyo sentensi ya mtaani ilitoka wapi? Naona vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni mila za ukoo wa baba, zile ambazo Tamko la Sheria za Mila la 1963 lilizikusanya na kuziandika, ambamo mtoto wa ndoa iliyotolewa mahari ni wa ukoo wa mume. Cha pili ni fikihi ya hadhana, yaani sheria ya Kiislamu kuhusu nani akae na mtoto wazazi wakiachana, nayo imefika mitaani ikiwa vipande. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani na visiwani, mtoto akifikia umri wa kupambanua, unaokadiriwa kuwa kama miaka saba, hupewa hiari ya kuchagua mzazi wa kukaa naye. Na anayepewa hadhana sharti awe mtu wa kuaminika kwa mtoto. Sharti hilo la uaminifu linazungumza moja kwa moja na nyumba ya vipigo. Lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni namba saba na neno baba.

Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikuja kuongeza mambo ya kuzingatiwa: maslahi bora ya mtoto, umuhimu wa kuwa na mama yake, umri na jinsia yake, maoni yake, kutowatenganisha ndugu, kutokatisha malezi. Upo mstari mmoja unaolikaribia suala letu. Unasema ni vyema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa pale haki zake zinapokiukwa mfululizo na wazazi hao. Usome tena. Ni haki za mtoto, na za mama yake hazimo. Ni mfululizo, na ya mara moja haimo. Mume aliyemvunja mkewe taya, lakini hajawahi kumnyanyulia mtoto mkono, anaipita orodha hiyo yote bila kuguswa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Sheria ya Ndoa yenyewe inakijua kipigo vizuri. Inatamka kwamba, mila iseme itakavyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Inauhesabu ukatili, wa mwili au wa akili, dhidi ya mwenza au dhidi ya watoto, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo katika shauri lilelile, mbele ya hakimu yuleyule, makovu yaleyale yanatosha kutoa talaka, halafu dakika chache baadaye, inapofika zamu ya watoto, sheria haiulizi tena makovu yametoka wapi.

Katikati ya nyumba na mahakama lipo Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria inataka wanandoa wapite huko kabla shauri la talaka halijafunguliwa, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati inayosema hivyo. Upo mlango wa dharura, kwamba mahakama ikiridhika kuna mazingira yasiyo ya kawaida, shauri lipokelewe bila kupita barazani, lakini wenye kuujua ni wachache. Mwanamke anakaa benchi moja na aliyempiga, mbele ya wazee wanaofahamiana na mume kwa miaka mingi, na lugha ya usuluhishi inafanya kazi yake. Kipigo kinaandikwa kutoelewana. Kufukuzwa usiku kunaandikwa ugomvi wa kifamilia. Kukimbilia kwa dada yake Mbagala kunaandikwa kuondoka nyumbani bila ruhusa. Siwalaumu wajumbe wa mabaraza. Wamepewa kazi ya kupatanisha, na anayepatanisha hulainisha maneno. Lakini karatasi ya kwanza atakayoisoma hakimu kuhusu familia hiyo inakuwa imeandikwa na watu ambao hawakutakiwa kuuliza chochote kuhusu hatari.

Ndipo mambo mawili ambayo kila mtu anayakubali, mwendelezo wa malezi na uwezo wa mzazi, yanapogeuka kumtumikia aliyepiga. Tuanze na mwendelezo. Mke akiondoka peke yake usiku ule, miezi inapita kabla shauri halijasikilizwa. Watoto wako kwa bibi yao mzaa baba, wanasoma shule ileile, wamezoea, na swali linakuja limevaa nguo safi: kwa nini tuwavuruge? Akiondoka nao, anaitwa mama aliyewatorosha watoto na kuwakatisha masomo katikati ya muhula. Njia iliyobaki ni kuvumilia mpaka kesi ifunguliwe akiwa bado ndani ya nyumba ile, na kama kuna wakati wa hatari kwa mwanamke anayepigwa ni pale mume anapojua kwamba sasa anaondoka kweli. Mahakama ikipima mwendelezo bila kuuliza kwa nini ulikatika, inamlipa aliyeukata.

Uwezo nao ni vivyo hivyo. Sheria ya Mtoto inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kukaa na mzazi ambaye, kwa maoni ya mahakama, anaweza kumlea na kumtunza kwa maslahi yake. Mume ana nyumba ya vyumba vitatu, ana duka, ana bima ya afya. Mke anauza vitumbua na amepanga chumba kimoja, godoro husimamishwa ukutani mchana ili watoto wapate pa kufanyia homuweki. Kwenye karatasi jibu liko wazi. Lakini umaskini huo una historia, na mara nyingi historia hiyo ni sehemu ya ukatili wenyewe: mume aliyemkataza mkewe kazi, aliyechukua fedha za vikoba kwa nguvu, aliyeipasua ukutani simu ambayo mke alikuwa akipokelea oda. Na sheria tayari ina jibu ambalo linasahaulika kila siku. Wajibu wa baba kuwahudumia watoto wake unabaki palepale, wakae kwake au wakae kwa mtu mwingine. Pesa inapaswa kumfuata mtoto. Anayesema mama hana kipato, basi watoto waende kwa baba, ameanza mwisho. Angetangulia kuuliza baba atatoa matunzo kiasi gani kila mwezi na yatakatwaje asipotoa, kisha ndipo alinganishe nyumba mbili. Ni ajabu kwamba mwanaume anaweza kukataa kutoa matunzo kwa miaka miwili, halafu akasimama mahakamani kusema watoto wanateseka kwa mama yao.

Wapo wanasheria wanaosema yote haya hayahitaji sheria mpya, na hoja yao ina uzito. Neno ustawi, wanasema, ni pana kuliko orodha yoyote. Hakimu makini anaweza kukizingatia kipigo leo hii, na wapo wanaofanya hivyo. Ukianza kuorodhesha unamfunga mikono, wakati kila familia ina yake. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Familia hazifanani, na neno ustawi linatosha mikononi mwa anayejua kulitumia. Lakini mashauri ya ndoa yanaanzia hata Mahakama ya Mwanzo, ambako wengi wanasimama bila wakili, na mtu asiye na wakili hujibu anachoulizwa. Asipoulizwa kuhusu kipigo hatakisema: ataona aibu, atamwogopa mume aliyesimama hatua tatu kutoka kwake, au atakumbuka alivyoambiwa barazani kwamba hayo ni mambo ya ndani. Orodha iliyomo ndani ya sheria ndiyo inayozaa maswali. Mila imo kwenye orodha ya kifungu cha 125, na kwa hiyo mila huulizwa, mahari ilitolewa kiasi gani, nani alipokea. Kipigo hakimo. Busara ya hakimu haiwezi kupima kitu ambacho hakikuletwa mbele yake.

Hoja inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba wanawake watazusha. Siipuuzi. Talaka huwatoa watu wazima akili, na mtu akijua kwamba neno fulani linampa watoto, atashawishika kulitumia. Baba aliyesingiziwa akakosa kumwona mwanawe mwaka mzima ameumizwa, na mtoto naye ameumizwa pamoja naye. Lakini dawa ya uzushi ni kuchunguza, na kuchunguza ndiko ninakokuombea. Kipigo huacha alama sehemu nyingi: PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, na maelezo ya daktari, kumbukumbu za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mjumbe wa nyumba kumi aliyeamshwa saa nane usiku, mwalimu aliyeona mtoto anasinzia darasani kila Jumatatu, ujumbe uliobaki kwenye simu. Mahakama isikilize suala hilo mapema, kabla ya mengine, na itamke kama limethibitika au halikuthibitika, kwa kiwango cha ushahidi kinachotumika kwenye mashauri yote ya madai. Lisipothibitika, lifungwe, baba asilibebe mpaka mwisho wa kesi. Utaratibu wa sasa, ambao tuhuma inatupwa hewani na hakuna anayeitolea uamuzi, unamdhuru msema kweli na unamdhuru aliyesingiziwa.

Tena tusisahau ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wameshafanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27 kati ya 100, na kushuka huko ni jambo la kushukuru. Lakini katika utafiti ule wa kwanza wanawake 58 kati ya 100 walisema kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe, ziwe ni kuunguza chakula, kutoka bila kuaga au kumkatalia tendo la ndoa. Jamii ambayo wanawake wake zaidi ya nusu waliona kipigo kina sababu yake inasumbuliwa na kunyamaza kuliko inavyosumbuliwa na kuzusha.

Kisha kuna wanaosema mtoto anamhitaji baba yake. Ni kweli, na sijui mtu mwenye akili timamu anayepinga. Swali ni sheria ifanye nini na ukweli huo. Australia mwaka 2006 iliuandika kama dhana: mahakama ianze na imani kwamba ni kwa faida ya mtoto wazazi wote wawili wawe na wajibu sawa wa kumwamulia mambo yake. England na Wales wakaandika dhana ya namna hiyo mwaka 2014, kwamba mzazi kushiriki katika maisha ya mtoto kunamfaa mtoto. Zote mbili ziliacha upenyo kwa kesi za ukatili. Australia imeifuta yake kuanzia Mei 2024, na Oktoba 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba nayo itaifuta. Wapo ndugu zetu walioisoma habari hiyo kama tangazo la kuwafutia baba haki zao. Hawakuisoma vizuri. Kilichotangazwa kufutwa ni jibu lililokuwa limeandikwa kabla ya swali. Jopo lililoteuliwa na Wizara ya Sheria ya huko lilishasema mwaka 2020 kwamba mahakama za familia zimejenga mazoea ya kutaka mtoto amwone mzazi kwa gharama yoyote, na mazoea hayo yanazifanya tuhuma za ukatili zichukuliwe kama usumbufu. Aliyeisukuma kampeni ya kuifuta dhana hiyo kwa miaka mingi ni Claire Throssell, mama wa Penistone, England. Wanawe wawili, wa miaka 12 na 9, waliuawa Oktoba 2014 baada ya baba yao kuichoma moto nyumba, wakati wa saa zake za kukaa nao alizoruhusiwa na mahakama, ingawa mama alikuwa ameonya.

Mimi naona saba yetu na dhana zile za wenzetu ni ndugu. Zote zinamwezesha hakimu mwenye mashauri mengi mezani kuanza na hitimisho. Baba mwema hapotezi chochote mahakama inapoacha kudhani na kuanza kuuliza, na katika nchi yenye akina mama wengi wanaobanwa na akina baba wengi wanaosukumwa pembeni bila kosa, wote wawili wananufaika kesi yao ikiangaliwa kama ilivyo. Hata pale kipigo kinapothibitika, mtoto anaweza kuendelea kumwona baba yake mbele ya mtu mzima anayeaminiwa, mahali pa wazi, kwa saa zilizotajwa, mpaka itakapoonekana amebadilika.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoshinda mara nyingi, ni hii: alimpiga mama, watoto hajawagusa. Mume mbaya anaweza kuwa baba mzuri. Mwaka juzi nilikaa asubuhi nzima kwenye korido ya mahakama moja ya mwanzo nikimsindikiza ndugu yangu. Kwenye benchi la mbele yangu walikaa watoto wawili, mvulana wa miaka minane hivi amevaa sweta la shule, na mdogo wake wa kike ameshika mkononi kandambili iliyokatika mkanda. Ndani ya chumba sauti ya mwanaume ikapanda. Hakutukana, ilipanda tu, kama ya mtu anayejieleza. Mvulana hakugeuka kuutazama mlango. Aliweka viganja vyake viwili kwenye masikio ya mdogo wake, na binti akainamisha kichwa kidogo ili viganja vikae sawasawa. Hawakutazamana. Sauti iliposhuka, akaviondoa, wakaendelea kusubiri.

Kwa orodha ya sheria yetu, watoto wale hawajaguswa. Lakini mtoto wa miaka minane aliyejifunza kupima sauti ya baba yake kama baharia anavyopima upepo ameshaingizwa kwenye vita ambavyo hakuvianzisha. Walimu wanawajua: anayekojoa kitandani akiwa darasa la tatu, anayeshtuka mlango ukigonga, anayeomba asirudi nyumbani mwisho wa wiki, na yule anayempiga mwenzake kwa namna ileile aliyoiona. Wenzetu wameliandika jambo hili. Sheria ya Kenya ya 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inamhesabu anayesababisha mtoto ashuhudie kipigo kuwa amemfanyia ukatili mtoto huyo. Sheria ya England ya 2021 inamhesabu mtoto anayeona, anayesikia au anayeathirika kuwa mwathirika kwa haki yake mwenyewe, hata kama hakuguswa. Uganda ina sheria ya ukatili wa nyumbani tangu 2010. Tanzania Bara bado haina sheria mahususi, na pengo hilo linazidi kuonekana kwenye kesi za watoto, kwa sababu hakuna hata tafsiri ya kisheria ya ukatili wa nyumbani ambayo hakimu anaweza kuiazima.

Isitoshe, kipigo hakiishii kwenye talaka. Walioachana na hawana watoto wanaweza wasionane tena maisha yao yote. Wenye watoto watakutana kila wiki kwa amri ya mahakama. Mtoto anakuwa daraja. Anaulizwa mama analala na nani, anatumwa vitisho, anacheleweshwa kurudishwa mpaka usiku ili mama apige simu akiomba. Mwanaume aliyemtawala mkewe kwa miaka kumi, baada ya talaka amebakiwa na mlango mmoja tu wa kuendelea kumtawala, na mlango huo ni ratiba ya kumwona mtoto. Hakimu anayeandika tu kwamba mdaiwa atakuwa na haki ya kuwaona watoto wakati wowote unaofaa ameuacha mlango huo bila kitasa.

Sijasema popote kwamba anayepiga ni baba siku zote. Wapo wanaume wanaopigwa na wanaonyamaza kwa kuogopa kuchekwa kituoni, na wapo mama wanaowatesa watoto. Kanuni ninayoiombea isijue jinsia. Kwa kweli ile dhana ya saba inaweza kumwacha mtoto wa miaka minne mikononi mwa mama mkatili, kwa sababu tu baba hajui kwamba inapingika kwa ushahidi. Swali la usalama likitangulia, mtoto huyo naye anaonekana.

Kwa hiyo watakaoketi kuandika marekebisho wangefanya haya. Ukatili wa nyumbani utafsiriwe kwa upana wake, pamoja na ule wa fedha na wa vitisho. Mahakama ilazimike kuuliza, hata kama hakuna aliyeutaja, na izuiwe kutoa amri ya malezi kabla haijatamka imeona nini. Ukithibitika, iwe ni juu ya aliyeutenda kuonyesha kwamba mtoto atakuwa salama kwake. Kuondoka na watoto kwa kukimbia kipigo kusihesabiwe kuwa kosa dhidi ya aliyekimbia, na ukosefu wa kipato usihesabiwe kabla ya amri ya matunzo. Penye kipigo, kupita barazani liwe jambo la hiari. Sheria ya Mtoto tayari inaipa mahakama uwezo wa kumtaka afisa ustawi wa jamii achunguze na kuleta ripoti. Penye tuhuma za ukatili ripoti hiyo iwe ya lazima, na afisa azungumze na mtoto peke yake, mbali na mzazi aliyemleta.

Hayo ya mwisho yanataka watu na fedha, na hapo ndipo sheria nzuri nyingi hukwama. Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza 2021 kwa mashauri ya mirathi na ndoa, kimeonyesha kwamba ngazi mbalimbali za mahakama na huduma zinazozizunguka zinaweza kukaa chini ya paa moja. Wilayani, afisa ustawi wa jamii mmoja hubeba kata kadhaa, wakati mwingine bila hata nauli. Na kumwona mtoto chini ya uangalizi kunahitaji mahali. Ofisi za ustawi wa jamii hufungwa Ijumaa alasiri. Siku ambazo mtoto haendi shule, zile ambazo amri nyingi zinampa baba, ni Jumamosi na Jumapili. Makabidhiano hufanyika stendi, au kwenye kibanda cha chipsi, au kwenye geti la nyumba ileile aliyoikimbia mama, na saa hiyo hakuna afisa hata mmoja anayelijua faili la mtoto yule aliye kazini.